Kulia Kwake, Kushoto Kwangu

Mama mkwe wangu akija kwetu Kaole kutoka Saadani, huja na kisu chake. Hukifunga kwenye kanga kuukuu, akakipakata njia nzima, na akifika hukitia jikoni bila hata kuvitazama vya kwetu. Vya kwetu ni vya dukani. Anasema havikati, vinabembeleza. Jambo hili lilinichoma. Mtu una nyumba, una mke, una friji, halafu mkweo anakuja na kisu utadhani anakwenda porini! Nikaapa kwamba Ramadhani hii kisu chake kitalala kwenye kanga, na atakatia changu, tena nilichokitengeneza mwenyewe.

Mimi nauza vifaa vya simu pale Zinga. Ufundi wangu wote ni kubandika vioo vya simu, navyo mara nyingi hukaa upande.

Nikatafuta kipande cha msumeno mbovu, nikafuata video ya jamaa mmoja kwenye simu. Chuma kikishaiva moto, alisema, kizamishwe kwenye mafuta ili kikomae. Mafuta niliyokuwa nayo yalikuwa yamekaangiwa samaki. Harufu ikatembea mtaa mzima, na majirani wawili wakaja na sahani.

"Leo mnakaanga samaki changu?" mmoja akauliza.

Nikawaonyesha kisu, kimepinda kama ndizi. Wakaondoka bila kuaga. Nikakipasha tena kidogo, nikakibana kwenye pengo la mlango wa choo, nikavuta. Kisu kikanyooka. Mlango ukapinda.

Mpini wa mninga nao ukapasuka nilipougongea misumari. Nikaupaka gundi, nikaukamata kwa nguvu hadi ikauke, na ikakauka na mimi. Mkono wa kulia umeganda kwenye mpini, na wa kushoto mtu hali nao, basi wakati wa kufuturu mke wangu akanilisha wali kwa kijiko huku akicheka hadi akakaa chini.

Mkono ulipobanduka kwa maji ya moto, ikabaki kunoa. Jamaa wa kwenye simu alisema kisu cha jikoni kinolewe upande mmoja tu, wa kulia, akauonyesha kwa kidole. Nikanoa upande ule ule alioonyesha. Nilipojaribu kukata kitunguu ndipo nikakumbuka kwamba yule bwana alikuwa amenielekea usoni. Kulia kwake kushoto kwangu! Kisu kilikwenda pembeni chenyewe, na kila kipande kikatoka kama kabari, nene huku, nyembamba kule. Nikachukua tupa ninoe na upande wa pili. Mke wangu akaninyang'anya.

"Ukiendelea, mume wangu, utabaki na kijiti cha meno."

Bodaboda ikapiga honi nje. Mama mkwe huyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Jiko limewashwa? Magharibi hiyo inakuja."

Mke wangu akamkabidhi kisu changu. "Mama, jaribu hiki, katengeneza mwenyewe." Mama akakipindua, akakinusa, akauliza kwa nini kinanuka samaki. Kisha akakata kitunguu cha kachumbari. Kabari. Akakata tena. Kabari. Kabari ya pili ikanitoa jikoni. Nikaenda kusimama uani nikiwa na aibu ya kweli.

Dirisha la jiko lilikuwa wazi. Nikamwona akitazama mlangoni, akisikiliza, halafu akahamishia kisu mkono wa kushoto. Tak, tak, tak, tak. Kitunguu kikalala chini chembamba, sawasawa, na mama mkwe wangu akawa anatabasamu peke yake. Nikapiga chafya. Kisu kikarudi kulia upesi.

"Nimechapwa sana utotoni kwa ajili ya mkono huu," akaniambia dirishani, kwa sauti ya chini. "Hata marehemu mkweo hakupata kujua. Wewe umejuaje, mwanangu, hadi ukaninolea cha kushoto?"

Hakuwa amewahi kuniita mwanangu.

"Mama," nikasema, "mtu huchunguza."

Baada ya Idi akarudi Saadani. Cha kwake cha zamani amekiacha jikoni kwetu; kilichofungwa kwenye kanga na kupakatwa ni changu, pamoja na harufu yake. Nilisimama barabarani nikipunga mkono hadi bodaboda ikapotea, furaha imenijaa kifuani.

Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika kiuno.

"Mchunguzi wee!" akasema. "Na mimi nilisuka nywele upya tangu mkesha wa Idi. Umeona?"