Siku Nakshi ya Shangazi Ilipopata Cheti

Shangazi yangu alikuwa akishona kofia za mkono Likoni tangu kabla sijazaliwa, na mimi ndiye niliyezitia mtandaoni. Nilizipiga picha juu ya mkeka wa ukumbini, nikafungua ukurasa, nikaandika maelezo mafupi. Wiki ya pili mtu wa Maskati akaandika akitaka mbili. Nilikimbilia jikoni, nikamsomea shangazi ujumbe ule mara tatu, naye mikono imemjaa unga.

"Huyo amenijuaje?" akauliza.

Tangu hapo sikutulia tena. Maombi yalitoka Lamu, Nairobi, Unguja. Iliyotakwa zaidi ilikuwa nakshi aliyoitunga mwenyewe, maua yaliyoshikana kuizunguka kofia nzima. Tuliiita Subira, kwa kuwa kofia moja ilimchukua karibu mwezi.

Asubuhi moja mteja wetu wa Kisauni akanitumia kiungo na swali: "Dada, mbona huku mwauza rahisi hivi?" Nikafungua. Lilikuwa duka la mtandaoni nisilolijua, na kofia ilikuwa Subira, ila imedariziwa kwa mashine. Picha mbili za kwanza zilikuwa zetu kabisa. Mkeka wetu ule ule, na pembeni kidole cha shangazi chenye hina.

Nilimpelekea shangazi simu. Shangazi alitazama, kisha akasema nisilolitarajia: "Nami niliiga wazee wangu, mwanangu. Nitamshitaki mtu kwa lipi?"

Swali hilo tulilipeleka kwa wakili, mwanamke kijana mwenye afisi Mkomani. Alimwamkia shangazi shikamoo, akamvutia kiti, akaipanga mezani michoro ya zamani ya Subira tuliyokuja nayo ndani ya bahasha.

"Mishono ya wazee ni ya watu wote, bibi," akasema. "Hawezi kuimiliki huyo muuzaji, wala wewe. Lakini mchoro huu umetoka kichwani mwako. Hakimiliki yake ni yako tangu ulipoutia kwenye karatasi. Na picha ni za huyu aliyezipiga."

"Hata bila cheti?"

"Hata bila cheti. Cheti kitakusaidia kuthibitisha tu."

Kisha akainamia mchoro, akawa anahesabu kwa ncha ya kalamu. "Maua yote yana petali nane. Hili moja lina saba. Kwa nini?"

Shangazi akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Nilikosea. Nilikuwa nachora huku naangalia mchuzi usimwagike. Nikaliacha hivyo hivyo."

Wakili akaikuza picha ya kofia ya mashine kwenye simu, akatugeuzia. Ua lile lile, mahali pale pale, petali saba. Aliyeiga alikuwa ameiga mpaka kosa.

Hapo hapo tukaomba mchoro usajiliwe, kwa kompyuta yake, tukawaandikia wenye duka malalamiko, na michoro tukaiambatisha. Siku tatu nilikuwa nikiufungua ukurasa ule kila baada ya swala. Siku ya nne, adhuhuri, ukaonyesha kwamba bidhaa haipatikani. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani, hata jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Cheti kilipokuja kwa barua pepe, nilikwenda kukichapisha. Shangazi alivaa miwani akasoma jina lake lote, la baba yake na la babu yake, kwa sauti, polepole, kisha akarudia tena.

Yule muuzaji wa kofia za mashine alipiga simu baadaye. "Nilidhani picha za mtandaoni ni za yeyote," akaniambia. Shangazi akanyoosha mkono nimpe simu.

"Si za yeyote, baba. Sasa umejua."

Mtu yule akaomba radhi. Kisha akauliza kama shangazi angekubali kumshonea za mkono za kuuza dukani kwake, zenye jina la shangazi ndani. Shangazi alimwambia aandike ombi lake vizuri, na radhi ile nayo aiandike, wakili aisome kwanza.

Aliandika. Sasa majirani watatu wanashona pamoja nasi, na ukumbini hapapitiki kwa vitambaa. Juzi shangazi alinisimamisha mlangoni na simu yangu. "Njoo unionyeshe," akasema, "picha hupigwaje."