Meno ya Plastiki

Binti yangu amefungua chupa ya mafuta ya karafuu, na mimi nimerudi utotoni, mtaani kwetu West Indies, asubuhi ya baridi. Nyanya, mama yake baba, amempakata mdogo wangu aliyekuwa akiharisha. Mdomo wa mtoto unanuka karafuu na damu. Spoki ya baiskeli, ncha yake ina damu, iko kando ya jiko.

Mama aliingia na yunifomu yake ya nesi, ametoka zamu.

"Nimemtoa meno ya plastiki," Nyanya akamwambia kwa upole. "Hayo ndiyo yalikuwa yanamharisha. Sasa atapona."

Mama aliinua mdomo wa mtoto kwa kidole. Kule kliniki alikuwa akifundisha wanawake wote kuhusu ule uvimbe mweupe wa fizi ambao watu huuita meno ya plastiki, lakini nyumbani, nani humfundisha mama mkwe?

"Mama, hayo yalikuwa meno yake," akamwambia Nyanya.

Tulimzika mdogo wangu kabla ya wiki kuisha.

Mama alirudi kazini. Nilikuwa nikipitia kliniki baada ya shule, na pakiti yangu ya maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni, nikimwona akiinua midomo ya watoto wachanga.

"Haya ni meno yake, yanakuja. Msiyaguse."

Kisha kidole chake kilibaki pale juu ya ufizi, mpaka mwenye mtoto aulize, "Sista, kuna shida?"