Maiki ya Simu ya Upepo

Miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, nilikuwa mwendeshaji wa simu ya upepo katika ofisi ya mashamba ya mkonge, Kilosa. Kila asubuhi na alasiri niliongea na kituo chetu cha Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako malori ya shirika yalijazwa mafuta. Mwenzangu wa huko alikuwa mama mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Mimi nilimwita Mikumi, naye aliniita Kilosa, na kwa miaka sita hilo lilitutosha. Nilijua ana watoto watatu, na akipata mafua nilijua kabla hajaniambia.

Shida ilikuwa sauti yangu. Maiki yetu ya mkononi ilikuwa ya zamani, na upande wa pili nilisikika kama mtu anayesemea mtungini. Masika moja nilimwambia lori lisije, maji ya mto Mkondoa yamekata barabara. Yeye akasikia lije. Dereva alikwama matopeni siku tatu, na meneja akasema kosa ni langu.

Nikaipeleka maiki kwa fundi redio wa sokoni, mzee aliyezaliwa kwenye kota za reli. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba akiwa amejiinamia. Hakuwa na kazi. Redio za bei rahisi kutoka nje zilikuwa zimefurika madukani, ya zamani ikiharibika watu wanatupa. Aliifungua maiki kwa bisibisi, akanionyesha sponji ya ndani iliyooza na kugeuka uji mweusi unaonata, na tundu la mbele lililokuwa dogo mno. Tulikwangua uchafu, tukapanua tundu kwa msumari wa moto, kisha akaunganisha kapasita ndogo aliyoitoa kwenye redio kaseti mbovu, ili kupunguza mngurumo. Akanionya nisiibandike mdomoni, niiweke pembeni kidogo, pumzi ipite.

Jumatatu nikaita Mikumi. Akacheka. Akasema kumbe mimi bado kijana, miaka yote alidhani anaongea na mzee mwenzake. Nilitembea siku nzima nikijiona nimefanya jambo.

Wiki hiyohiyo meneja alinipa karatasi. Shirika limepata mnunuzi, akasema, na kituo cha Mikumi kinapunguza watu. Majina yasomwe kwenye simu ya upepo, barua zitafuata. Nilipitisha macho. Jina la yule mama, nililolijua kwa kuliona tu kwenye karatasi za ofisi, lilikuwa la saba. Nikamwomba meneja asome mwenyewe. Akajibu kwamba sasa nasikika vizuri, nisome mimi.

Nikasoma. Zamani angenikatiza kila mara, rudia Kilosa, sijakupata. Siku hiyo, kila nilipoachia kitufe, alijibu kwa sauti ya kazini kwamba amepata. Nilipofika la saba nilibonyeza kitufe. Nikaachia, nikabonyeza tena.

"Mikumi, unanisikia?"

"Nakusikia, Kilosa. Soma."

Nikalisoma jina lake. Sikuwa nimewahi kulitamka.

"Nimepata," akasema. "Endelea, kuna wenzangu hapa wanasubiri."

Yalibaki manne. Nikayamaliza, nikaizima mashine kabla ya saa ya kuizima. Nimewaza mara nyingi kwamba kwa maiki ile mbovu angepata walau kisingizio cha kutoamini mpaka barua ifike. Kisingizio hicho nilikuwa nimemnyang'anya kwa mikono yangu.

Haikupita miezi mingi, watu wa mnunuzi wakaja Kilosa, wakaishusha antena na kuniachia barua ya kuachishwa kazi. Nilimfuata fundi nikaomba tushirikiane. Akasema hata yeye anafunga, anakwenda kulima Rudewa kama shamba litapatikana.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda Mikumi. Kituo nilikipata kwa kuulizia. Pampu zilikuwa zimeng'olewa, na chumba cha simu kilikuwa kimejaa magunia ya mkaa hadi dirishani. Mlinzi alimkumbuka yule mama. Aliniambia alipanda gari la Iringa na wanawe, kwa ndugu, kijiji hakukijua. Akaniuliza mimi ni nani yake. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja. Akanitazama, akasema yeye alilinda pale miaka minane na hakuwahi kuniona.

Nilimshukuru, nikavuka barabara kusubiri gari la kurudi Kilosa.