Mama Chanjo na kompyuta zinazowajua wageni

Saa mbili asubuhi foleni ya wagonjwa imefika mlangoni, na kompyuta ya mapokezi imejifunga yenyewe. Mhudumu anapiga meza. Mama Chanjo, fundi wa kompyuta wa hospitali, anaingia na kikombe chake cha chai, anatazama kioo cha kompyuta, kisha anakataa kuifungua.

"Wifi, leo sikosei," anasema. "Mashine yako inaumwa."

Mhudumu huyo ni dada wa mumewe, na hajasahau. Mwezi uliopita mtambo wa ulinzi aliouunda Mama Chanjo uliifunga kompyuta hiyohiyo bure, eti kwa sababu wifi huyo alikuwa na bandeji kidoleni na akichapa polepole. Mganga mkuu alikuja juu: mtambo ukikosea tena, unazimwa.

Kabla ya kusomea kompyuta, mama huyu alichanja watoto kwa miaka mingi, na jina likamganda. Mwili, anaeleza, haujui kila ugonjwa duniani. Unawajua walio wake. Asiye wake unamkamata. Ndivyo alivyoufundisha mtambo. Ulijifunza kwanza mazoea ya kompyuta za hospitali, kisha ukaunda walinzi wadogo wengi, yaani programu ndogo za kumkamata mgeni. Mlinzi aliyemshika mwenyeji wakati wa mafunzo alitupwa.

"Mbwa anayemng'ata mwenye nyumba wa kazi gani?" anauliza.

Mlinzi aliyeifunga kompyuta kwa ajili ya ile bandeji alipenya mchujo huo. Kosa lile lilimuuma sana Mama Chanjo, akamwondoa mlinzi huyo.

Foleni inahamishiwa dirisha la pili. Mama Chanjo anachomoa waya wa mtandao, anaichunguza mashine. Wifi yake amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

Kirusi kipo. Kimejificha ndani ya picha ya gauni ambayo wifi alitumiwa na mtu asiyemjua, akaibonyeza. Kimeharibu mafaili machache ya mapokezi, basi, kwa kuwa mtambo uliifunga mashine mapema. Wodini manesi wanasoma dozi za wagonjwa kama kawaida. Na mtambo umeshakikariri. Kikirudi, kitaishia mlangoni.

Mganga mkuu anashuka mwenyewe kumpa mkono. Mtambo unabaki. Mama Chanjo anajivuna, wala hafichi, na ana haki. Sasa anataka kuupeleka kwenye zahanati ndogo zisizo na fundi.

"Nami nakwenda naye," anadakia wifi yake. "Nani atawaambia watu waache kubonyeza magauni, kama si mimi?"