Ukuta wa Jikoni Nilioupaka Mwenyewe

Mimi Consolata, mjane wa Kahangwa, wa hapa mtaa wa Rwamishenye, si mbali na ziwa, shule niliishia darasa la pili. Lakini nyumba hii naijua kuliko fundi yeyote. Matofali yake tuliyabeba wawili, mimi na marehemu, na yeye amelala pale nyuma kwenye kibanja, katikati ya migomba yake.

Mwezi uliopita mkwe wangu Edvina, mke wa mwanangu Buberwa, alisema jiko langu lina giza na moshi. Kweli, lina moshi. Akamleta fundi Mwesiga, wakachora jiko jipya sakafuni kwa mkaa: sinki chini ya dirisha, jiko la gesi pembeni, kabati refu.

"Na huu ukuta wa stoo tunautoa," Edvina akasema. "Tupate nafasi."

Nikashtuka. "Ukuta hauguswi."

"Mama, kwani umeficha dhahabu humo?"

"Nimesema hauguswi. Mumeo nilimwogeshea hapo kwenye beseni."

Mwesiga akacheka. "Basi bibi, sasa hivi ameshakua, ataoga bafuni."

Hawakujua. Lile tetemeko la mwaka 2016 liliupasua ukuta ule toka juu hadi chini. Wakaguzi walipopita na rangi nyekundu, wakiweka alama kwenye nyumba za kubomolewa, mimi nilikanda udongo na majivu, nikaziba ufa, nikapaka chokaa, nikapanga kuni mbele yake. Wakapita. Ya jirani ikabomolewa, yangu ikabaki. Nilijiona mjanja. Ningeenda kupanga chumba wapi, na kaburi la mume wangu nimwachie nani?

Tangu hapo, lori likipita barabarani, nanyamaza nausikiliza ukuta.

Wakanishinda. Wenye nyumba ni vijana siku hizi. Jumatatu Mwesiga akaja na nyundo kubwa, akapiga mara moja kando ya mlango. Juu, chini ya dari, vumbi jembamba likamwagika. Yeye hakuona. Edvina alikuwa amechuchumaa palepale chini, anapima mahali pa sinki.

Mimi niliona. Nikisema, nyumba imekwisha. Nisiposema, mtoto wa watu yuko chini. Mwesiga akainua nyundo tena.

"Acha! Edvina, toka hapo!"

"Mama, si tulishakubaliana..."

"Toka nakwambia! Ukuta umekatika. Niliuziba mimi!"

Akatoka mbio. Mwesiga akachokonoa chokaa kwa msumari. Udongo wangu ukaanguka bonge zima, na kiganja chake kikazama chote ndani. Hakucheka tena.

"Bibi, umelala na kitu hiki miaka yote?"

"Nimelala."

"Paa lote limeegemea hapa."

Mwesiga akaleta miti ya mikaratusi, akaitegemeza dari, akatukataza kuingia ndani. Edvina akanigeukia.

"Mama, ungenizika kwenye sinki langu."

Nikamkung'uta vumbi mabegani.

Sasa napika nje, kwenye mafiga. Upepo wa ziwa ukigonga mabati, naacha mwiko naitazama ile miti. Kesho Buberwa anarudi toka kisiwani Bumbire, anakovua samaki, aamue kama tukarabati au tubomoe. Edvina anataka kumpigia simu amweleze. Nimemkataza. Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama.