Kitambaa cha Spika

Leo nimepiga pasi kitambaa cha kufuma cha spika, na harufu ya moshi wa kuni ikatoka.

Alikifuma bibi yetu, tuliyemwita kogo, akiwa jikoni. Masikio yake yalipochoka hakusikia tena redio ya sebuleni, akahamia kando ya moto. Alikula huko peke yake, na baba, mwanawe, kwa kumwaza hakuwa akimaliza chakula chake.

Siku moja baba alitupeleka pamoja na kogo mjini Litein kuchagua spika ndefu za redio, zile za kusimama sakafuni, ili kogo asikie tena. Mwenye duka aliwasha za kwanza, rafu zikatetemeka.

"Hii inanigombeza," kogo alisema.

"Mama, chagua wewe," baba akacheka. "Nikichagua mimi, ng'ombe watavunja boma."

Kogo aliweka kiganja kwenye spika nyingine, akainamisha kichwa. "Huyu anaongea na mimi. Twende naye."

Nyumbani, kabla baba hajaziwasha, kogo alizifunika kwa vitambaa vyake, kama alivyofunika viti na meza. Baba alipoziwasha, wimbo wa kanisa ukatoka hafifu, kama sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Kogo akatazama mlango wa jikoni. Hakuna aliyethubutu kugusa vitambaa vyake.

Kisha yeye mwenyewe akakunja ncha ya mbele ya kitambaa, sauti ikafunguka. "Wacha apumue," alisema, akaketi, akavua viatu.

Baba alishusha pumzi. Jioni hiyo tulimpelekea kogo chai sebuleni.

Pasi imepoa. Nimekirudisha kitambaa juu ya spika, na ncha ya mbele nimeikunja.