Jitu Lililonusa Ugali

Naanza kwa kukiri: mimi Wambura, niliyerudi kutoka Dar es Salaam na diploma ya kompyuta, mwenye ofisi yangu mwenyewe pale mtaa wa Mukendo, Musoma (niliyoifungua bila kushikwa mkono na mtu), nilijivua nguo mbele ya wakwe zangu nikiwa nimevaa suti.

Mnajua nachezaga ule mchezo wa mtandaoni wenye falme na mazimwi, ambao kila mtu anabuni mhusika wake na kuandika anachosema na kutenda. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa jemadari asiyeshindwa, mwenye panga sita na farasi anayeruka, na mimi nilimwona kazi ya kitaalamu kabisa, lakini wachezaji wenzangu walimpita kama nguzo ya umeme. "Huyo jemadari wako hata mafua hayamshikagi?" aliniuliza siku moja Mwanahamisi, fundi cherehani wa Bunda, ambaye (nasema kweli, na si kawaida yangu kumsifu mtu) ndiye bingwa wetu. Yeye anacheza mlinzi wa daraja, mama mmoja mwenye pengo, na siku zimwi lilipokuja kulichoma daraja, sisi wote tumeshachomoa silaha, mama yule alikimbilia kwanza kuanua nguo zake zilizokuwa zinakauka kwenye ukingo. Jamani! Nilikuwa nasoma pale ofisini, nikasimama. Nilimwona yule mama, nikaziona hata nguo.

"Mtazame mtu unayemjua," alinishauri. "Ukiona anavyokula, umeshampata nusu."

Basi nikamtazama Mzee Mafuru wa Nyegina, baba yake Neema, mchumba wangu. Nilikuwa nimekula kwake mara moja tu, nikaona ananusa tonge la ugali mara tatu kabla ya kulitia mdomoni. Nikabuni jitu, mfalme wa mapangoni, linanusa ugali mara tatu, linafunga geti kisha linarudi kulitikisa, na kabla ya kukataa jambo linakohoa kwanza, kama mzee mwenyewe. Sababu ya kunusa nikaitunga kichwani: linahofia mke wake atalitilia sumu. Aisee, jitu likapendwa! Wachezaji wa Mwanza na Dodoma wakawa wanaliulizia kama mgonjwa.

Siku ya kupeleka barua ya posa ikafika. Mzee Mafuru alikuwa ameshawakataa wachumba wawili kabla yangu, kwa hiyo mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, alinionya tangu tunatoka Musoma: "Wewe jibu ulichoulizwa. Diploma yako iache nyumbani."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee aliponiuliza, kwa upole tu, "Na ukimaliza kazi, kijana, unafanyaga nini?"

Hapo ningesema nafuga kuku, tungemaliza. Lakini nikaona ndiyo nafasi ya kuwaonyesha kwamba binti yao haendi kwa mtu wa hivi hivi, nikasema mimi nabuni watu, nikatoa simu, mjomba akanikanyaga mguu, nikausogeza mguu, nikaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nikasoma kunusa, nikasoma geti, nikasoma mpaka sumu ya mke. Jinsi nilivyokolea, sikuona kwamba mama mkwe alishaandaa ugali wa muhogo na sato, watu wameshanawa, na mzee, kwa mazoea yake, ameshainua tonge puani.

Mkono ukabaki hewani.

"Malizia, kaka," akasema shangazi yake Neema. "Umenusa mbili, bado moja."

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, isipokuwa mama mkwe, aliyenigeukia akauliza polepole, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemtilia baba Neema sumu?"

Suti ililowa jasho. Neema, aliyekuwa amesimama na jagi la maji, aligeuka akarudi jikoni. Na mzee akaweka tonge chini, akakohoa. Nilijua kinachofuata, maana nilikuwa nimekiandika mwenyewe.

"Mwaka wa njaa," akasema, "mama yetu alitwanga muhogo mchungu kabla haujakaa majini siku zake ukatoka sumu, kwa sababu sisi watoto tulikuwa tunalia. Mdogo wangu akala kwanza. Hakuamka. Mimi sinusi mkono wa mke wangu, kijana. Nanusa muhogo." Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Jitu lako ni zuri. Kuona umeona. Hukuuliza tu."

Nimesoma, nimetembea, nimejenga, lakini sijapata kumwona mtu akimpa uhai mhusika wangu kwa maneno machache namna ile. Nikapiga magoti na suti yangu, nikamwomba radhi mama mkwe kwanza, kisha mzee.

Akaichukua barua kwa mjomba. "Hii naipokea," akasema. "Ila mwenyewe mrudisheni, naye hajakaa majini siku zake. Mje naye tena mwezi ujao."

Huo mwezi ndio nausubiri. Jitu sijalifuta. Nimeliondolea ile sumu, na sababu ya kweli sijaiandika, kwa kuwa si yangu. Ila nimeapa: nikimwona mtu ana lake la ajabu, nitamuuliza kwanza, na akishanijibu nitanyamaza. (Mjomba anasema la kuuliza analikubali, ila la kunyamaza mpaka alione kwa macho yake.)